Torrontés, Mvinyo Mweupe wa Milimani: Vidokezo vya Kuuchagua na Kuunywa

Kaskazini-magharibi mwa Argentina, katika jimbo la Salta, upo mji mdogo wa Cafayate. Milima inayouzunguka ni myekundu na mikavu, mvua ni haba, jua ni kali, na bado mizabibu imejipanga mistari kwa mistari hadi pembezoni mwa mji. Kwa upande wa mvinyo mweupe, zabibu inayotawala pale ni Torrontés. Ukiinusa unakutana na waridi, asumini, ganda la chungwa na pichi lililoiva. Ukiinywa huoni sukari: ni mvinyo mkavu, mwepesi, wenye uchachu wa kuamsha ulimi.

Kwetu Afrika Mashariki haujulikani sana, na hilo linanisikitisha, kwa sababu sijaona mvinyo unaokaa vizuri zaidi na viungo vyetu. Kwa msomaji mtu mzima anayekunywa, haya ndiyo ya kuzingatia.

1. Tazama mwaka kabla ya bei

Torrontés hunywewa ingali changa. Mwaka ulioandikwa kwenye lebo ni mwaka wa mavuno, na kwa kuwa Argentina iko kusini mwa ikweta, zabibu huvunwa kati ya Februari na Machi. Ndiyo maana chupa za mavuno ya mwaka huu zinaweza kuwa sokoni kabla mwaka haujaisha. Ubora wake uko katika mwaka wa kwanza na wa pili. Ukifika wa tatu au wa nne, harufu ya maua ndiyo inayotangulia kuondoka, na kinachobaki ni uchungu wa ganda tu.

Kwa hiyo chupa ya miaka mitano iliyoshushwa bei si bahati, iache hapo hapo. Angalia pia ilikuwa imewekwa wapi. Kuna maduka yanayopanga mvinyo dirishani, jua likiupiga kutwa nzima, au juu kabisa ya rafu chini ya taa yenye joto. Mvinyo wa harufu ndio unaoumia upesi kwa joto na mwanga. Chagua chupa iliyokuwa chini, nyuma, mahali penye kivuli.

Wapo wanaotengeneza Torrontés ya kuchachushwa ndani ya mapipa ya mwaloni, nayo huweza kuvumilia zaidi. Hiyo ijaribu baadaye, ukishaifahamu ya kawaida.

2. Tafuta jina la mahali, kisha uulize mwinuko

Hiki ndicho kidokezo kikubwa, na kama utashika kimoja tu, shika hiki. Torrontés hupandwa sehemu nyingi za Argentina, lakini iliyo bora hutoka katika mabonde ya Calchaquí, ambayo kwenye lebo huandikwa *Valles Calchaquíes*, au utasoma *Cafayate*, au *Salta*. Ukiona mojawapo ya majina hayo, umekaribia.

Kwa nini pale? Cafayate iko kwenye latitudo ya 26 kusini, si mbali na tropiki. Kama ingekuwa tambarare, zabibu zingeiva haraka kwa joto, zikajaa sukari na kupoteza uchachu wote. Lakini mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi, na mashamba yanapanda kutoka hapo. Kila unapopanda mita 1,000, joto hushuka kwa takribani nyuzi 6. Mchana jua linawaka, lakini likishazama baridi inaingia kwa kasi. Msimu wa kuiva, tofauti kati ya mchana na usiku inaweza kufika nyuzi 20. Mchana tunda linajenga sukari na harufu, na usiku linapumzika bila kuchoma asidi yake. Hapo ndipo unapotoka ule mchanganyiko wa harufu nzito na kinywa chepesi.

Kuna jambo la pili. Huko juu hewa ni nyembamba, na miale ya urujuanimno hufika ikiwa na nguvu zaidi. Tunda hujikinga kwa kuongeza unene wa ganda, na ganda ndilo ghala la harufu za zabibu. La tatu ni ukavu: mvua haifiki milimita 250 kwa mwaka, kwa hiyo magonjwa ya ukungu ni machache. Maji ya kumwagilia hutoka milimani.

Shamba la Colomé, ambalo kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1831, liko kwenye mita 2,300. Wenye shamba hilo wana jingine linaloitwa Altura Máxima, lenye mita 3,111. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa: ni juu zaidi ya kibanda cha Mandara, mahali ambapo wageni wanalala wamevaa kofia na soksi mbili. Shamba hilo la juu kabisa linasifika kwa Malbec, zabibu nyekundu, lakini linakuonyesha watu wa Salta wamethubutu kufika wapi.

3. Pua ikikuahidi sukari, usiiamini

Wengi hukutana na mshangao hapa. Wananusa, wanapata maua na matunda, wanasubiri utamu, kisha ulimi unakuta mvinyo mkavu. Baadhi hudhani chupa imeharibika. Haijaharibika. Sukari ilikwisha kuliwa na hamira wakati wa kuchacha, na harufu ikabaki.

Harufu hiyo inatokana na kemikali za asili ambazo zabibu ya Torrontés imerithi hasa kwa mmoja wa wazazi wake. Mzazi huyo ni Muscat ya Alexandria, zabibu maarufu kwa manukato tangu zama za kale. Mwingine ni Criolla Chica, zabibu nyekundu iliyoletwa Amerika na Wahispania. Inaelekea zilichavushana zenyewe mashambani, bila mtaalamu kuingilia, na vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyokuja kuthibitisha ukoo huo. Miongoni mwa kemikali hizo iko linaloli, na hiyo huhitaji maabara kuijua: imo ndani ya mrehani, imo ndani ya langilangi, na mbegu za giligilani zimejaa hiyo. Ukiwahi kusaga giligilani iliyokaangwa kidogo, ukainama juu ya kinu, tayari umeinusa sehemu ya Torrontés.

Kama wewe ni mpenzi wa mvinyo mtamu, usilazimishe. Tafuta chupa iliyoandikwa *tardío*, maana yake zabibu zimeachwa mtini hadi mwisho wa msimu ili sukari iongezeke. Hiyo ni tamu kweli.

4. Jua ni Torrontés ipi

Zipo tatu: Torrontés Riojano, Torrontés Sanjuanino na Torrontés Mendocino. Ya kwanza ndiyo yenye harufu na ndiyo iliyojaa Salta. Mara nyingi lebo haitaji aina, inaandika Torrontés tu, na ndiyo maana jina la mahali lina uzito. Huko Galicia, Hispania, kuna zabibu inayoitwa jina hilo hilo lakini haina undugu na hii.

5. Soma nyuma ya chupa

Zamani Torrontés haikuwa na sifa iliyo nayo leo. Zabibu zilivunwa zimeiva kupita kiasi, zikakamuliwa kwenye joto, na mvinyo ukatoka mzito, wenye rangi ya dhahabu iliyochoka na uchungu mwishoni. Waliobadilisha mambo ni watengenezaji wa miongo ya karibuni, na jina moja halikwepeki: Susana Balbo. Mwaka 1981 alihitimu akiwa mwanamke wa kwanza Argentina kuwa mtaalamu wa mvinyo, akaenda kufanya kazi Cafayate, na huko akashughulika na zabibu hii wakati wengi waliiona ya kujazia madumu tu. Leo ana kiwanda chake Mendoza na bado anatengeneza Torrontés. Namheshimu sana kwa hilo.

Siri yenyewe si ngumu kueleza. Vuna mapema, asidi ingali ipo. Vuna alfajiri, zabibu zingali baridi. Kamua taratibu, ukiharakisha kutenganisha juisi na ganda, maana ganda hilo hilo lenye harufu lina uchungu pia. Kisha chachusha polepole ndani ya matangi ya chuma cha pua yanayopozwa, ili harufu isipande hewani na kupotea. Ukisoma nyuma ya chupa ukakuta maneno ya namna hiyo, yaani matangi ya chuma, joto la chini, mavuno ya mkono, una sababu ya kuinunua.

Tazama na neno *parral*. Ni uchanja mrefu kuliko mtu, mzabibu unatambaa juu yake na kutandaza majani, na vishada vinaning'inia chini kwenye kivuli. Mvunaji huingia chini ya uchanja huo na kukata vishada vilivyo juu ya kichwa chake. Wazee waliupenda kwa sababu unazaa sana, lakini kwa Torrontés una faida nyingine: jua la milimani halichomi tunda. Lebo nyingine hutaja na umri wa mizabibu: kiwanda cha El Esteco kina chupa ya Torrontés inayotokana na mizabibu iliyopandwa mwaka 1945.

6. Ipoze, lakini usiigandishe

Nyuzi 8 hadi 10 ndizo zake. Friji ya nyumbani kwa kawaida iko karibu na nyuzi 4, kwa hiyo mvinyo uliolala humo usiku kucha ni baridi mno na harufu imejificha. Utoe, subiri dakika kumi na tano. Kwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, dakika tano zinatosha.

Wageni wakija ghafla, chukua ndoo, tia barafu, maji na konzi ya chumvi, tumbukiza chupa hadi shingoni. Dakika ishirini, tayari. Maji ni ya lazima. Barafu tupu inagusa chupa hapa na pale tu, ilhali maji yanaizunguka yote. Barafu ndani ya glasi hapana. Inayeyuka, na mvinyo uliobebwa kutoka milimani unageuka maji ya maua.

Mimina kidogo, theluthi ya glasi, kwenye glasi inayobana juu. Rangi itakuwa ya majani makavu iliyopauka, pengine na kijani kidogo ukingoni. Zungusha glasi, nusa, rudia tena baada ya dakika chache. Mwanzoni huja ndimu na ganda la chungwa. Inapopata joto kidogo, waridi na asumini vinajitokeza, kisha pichi. Ikizidi kupata joto, kileo kinapanda puani na kuficha vyote. Hapo rudisha chupa kwenye ndoo.

7. Ipe chakula chenye viungo

Huko Salta wanainywa na empanada, vile vipande vya unga vilivyokunjwa na kuokwa katika tanuri la udongo, ndani mna nyama iliyokatwakatwa kwa kisu, viazi, kitunguu, yai na bizari nzima. Wanainywa na humita, mahindi mabichi yaliyosagwa na jibini na kupikwa ndani ya maganda yake. Wanainywa na jibini la mbuzi, ambalo Cafayate wanalitengeneza vizuri.

Sasa njoo kwetu. Sambusa za nyama zenye kitunguu kingi, na ndimu iliyokamuliwa juu: hapo Torrontés iko nyumbani. Uchachu wake unakata mafuta, na harufu yake inakutana na giligilani iliyo ndani ya nyama. Samaki wa kupaka ni bora zaidi. Tui la nazi linahitaji kitu cha kulichangamsha, ukwaju unafanya nusu ya kazi hiyo, na mvinyo unamalizia. Kuku wa kupaka, kamba wa nazi, pweza, vyote vinafaa. Biriani ya kuku yenye zafarani na maji ya waridi ni mwenzake wa karibu kabisa, maana waridi liko pande zote mbili. Wapishi hodari wa vyakula hivi wengi hawanywi kabisa, nami naliheshimu hilo. Nasema na yule anayeweka chupa mezani kwake.

Pilipili inataka uangalifu. Kileo huongeza moto wa pilipili, na Torrontés huwa na kileo cha asilimia 12.5 hadi 14 hivi. Kama chakula ni kikali, soma lebo na uchague ya asilimia 12.5 au 13. Ukiweka ya 14 na pilipili kichaa, hutaonja kimojawapo.

Mishkaki ya ng'ombe iliyokolea moshi iachie Malbec. Na usiitoe Torrontés kavu pamoja na kaimati, visheti wala halua. Kitu kitamu kuliko mvinyo huufanya mvinyo uonekane ndimu tupu. Matunda yanaruhusiwa: embe dodo lisiloiva sana, papai lenye ndimu.

8. Ukibaki, usiuweke siku nyingi

Ziba chupa, irudishe kwenye friji, imalize ndani ya siku mbili. Baada ya hapo bado unaweza kunywa, lakini maua hayapo. Pikia kamba na kitunguu saumu.

9. Ukipata safari ya kule, nenda kwa barabara

Msomaji aliyeko Ulaya au Amerika Kaskazini anaweza kuifikia Argentina kwa wepesi kuliko sisi. Kutoka jiji la Salta hadi Cafayate ni kama kilomita 190 kwa Barabara ya 68, na sehemu ya mwisho inapita Quebrada de las Conchas, bonde la miamba myekundu iliyochongwa na maji na upepo. Mjini kuna jumba la makumbusho la mzabibu na mvinyo, na wauza aiskrimu wanaotengeneza aiskrimu ya Torrontés. Kunywa maji mengi, maana mwinuko na kileo vikikutana kichwa kinauma upesi, na mpe mwingine usukani.

10. Usipoikuta, jua cha kushika

Rafu zetu zimejaa mvinyo wa Afrika Kusini, na chupa ya Argentina ukiikuta mara nyingi ni Malbec. Kwa harufu iliyo karibu na Torrontés, tafuta Gewürztraminer au Muscat kavu kutoka Alsace, Ufaransa, au Muskateller ya Austria. Milima ya kaskazini mwa Italia, eneo la Alto Adige, nayo inatoa Gewürztraminer nzuri inayokulia kwenye miteremko ya Alps.

Na ipo ya nyumbani. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, nchi kavu yenye jua, na wakulima wake huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Cafayate hawaliwezi. Zabibu nyeupe ya Chenin Blanc hulimwa pale. Haina manukato ya Torrontés na si haki kuidai iwe nayo, lakini iliyotengenezwa kavu na kunywewa changa, ikiwa baridi, ina uchachu safi na inakaa vizuri na samaki. Inunue pia, ili mkulima wa Dodoma apate sababu ya kuendelea kupanda zabibu za mvinyo mkavu.

Kuhusu Torrontés yenyewe, muulize muuzaji wako. Mtajie majina haya matatu: Torrontés, Cafayate, Salta, na umwambie unataka ya mavuno ya mwaka huu au uliopita. Waagizaji huleta kinachoulizwa, na hakuna atakayeileta kama hakuna anayeiulizia.